Ngozi ya Torino

Siku ya tisa ya Ekai mjini Isiolo ilimkuta kwenye benchi la kibanda cha chai, ameshika kikombe ambacho hakuwa na mpango wa kukilipia, akisikiliza ugomvi wa watu wengine kwa utulivu wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Tusimhukumu mapema. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa hiyo chai, na mama wa kibanda, ambaye aliliona hilo, alikuwa amemwongezea maziwa bila kuombwa.

Ekai alikuwa tapeli, lakini tapeli msafi, mwenye shati lililopigwa pasi. Kule Nkubu aliwauzia watu maji ya kuosha laini ya simu ili mtandao upite vizuri. Nanyuki aliandikisha mbwa kumi na wanane katika bima ya kubweka. Kila mji alikotoka, alitoka mbio. Isiolo nayo ilikuwa na shida moja: mbele yake hapakuwa na miji mingi tena ya kukimbilia. Barabara iliendelea, ndiyo, lakini iliendelea kwenda kwa wafugaji wanaoijua mifugo yao kwa majina, na mtu anayekumbuka jina la mbuzi hasahau sura ya mwongo. Isiolo ikimfukuza, Ekai hakuwa na mji mwingine. Kwa hiyo alitaka kazi moja tu, nono na ya haraka, imtoshe kwenda mbali sana na kuanza upya.

Ugomvi ulitoka ng'ambo ya barabara, katika uwanja wa Sabdio. Huyu Sabdio alikuwa bibi wa Kiborana wa miaka sabini na kidogo, muuza maziwa ya ngamia, na mji mzima ulimwita Ako, yaani nyanya, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa na gari aina ya Probox, jeupe, la kubebea madumu ya maziwa. Jua la miaka mingi lilikuwa limeipasua dashibodi yake vibaya, hata ukitaka kujua mwendo wa gari ulichungulia ndani ya ufa.

Mdogo wake, Huqa, kazi yake ilikuwa kuziba matangi ya maji kwa faiba, ile nguo ya nyuzi za kioo. Akasema, ikiwa tangi la shule halijanishinda, dashibodi ni nini? Akaumba kalibu kwa udongo na maboksi, akatandika nguo ya faiba, akaipaka rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu, tabaka juu ya tabaka. Baada ya wiki tatu akatoa dashibodi nzima, paneli nne za milango, na kishikio cha kikombe kinachotosha kubeba dumu la lita tatu. Vitu vilikuwa imara. Ungeweza kuvikanyaga. Lakini sura yake, maskini, ilikuwa ya uji uliogandia sufuria, na nyuzi zilisimama huku na huku kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.

Sasa walikuwa wanabishana juu ya kuvifunika na nini.

"Rangi nyeusi inayong'aa," alisema Huqa. "Kama kiatu cha askari."

"Jua likiipiga itang'aa kwenye kioo, nione uso wangu badala ya barabara," alisema Ako Sabdio. "Uso wangu naujua, Huqa. Barabara ndiyo inabadilika."

"Basi zulia, mama," alisema Kabale, binti yake, aliyekuwa ameolewa mtaa wa pili na alikuja kila siku kutoa maoni. "Zulia jekundu, laini, gari linukie kama bibi harusi."

"Na maziwa yakimwagika?"

"Yasimwagike."

"Mwanangu, umeolewa miezi miwili. Ngoja, utaona vile yanamwagika."

Ekai aliweka kikombe chini. Ndani ya kichwa chake taa iliwaka. Watu watatu, gari moja, na hakuna hata mmoja anayejua anachotaka! Akavuka barabara.

"Salaam aleikum, wazazi wangu," alisema. Ekai alikuwa Mkristo, lakini ulimi wake ulifuata dini ya mwenye uwanja.

"Aleikum salaam."

"Samahani kuingilia. Nimepita tu, nikaona hii kazi, moyo ukaniuma." Akapitisha kiganja juu ya dashibodi, polepole, macho yamefumbwa. "Hapa pana kilima. Hapa pana kisima. Na hapa, mzee, rezini ilikauka kabla hujaipapasa."

Huqa akapapasa mahali pale. Kweli, palikuwa na kilima. Alikuwa amekaa na dashibodi ile wiki tatu na hakukiona.

Ako Sabdio hakuitazama dashibodi. Aliutazama ule mkono.

"Wewe ni fundi?" akauliza.

"Fundi ni neno kubwa, mama. Mimi nimesomea umalizio. Umalizio wa ndani ya magari tu. Torino."

"Torino ni wapi?"

"Italia. Mtoto wa kule analia kwa sababu mshono wa kiti umepinda."

Kisha akawasomea somo. Rangi ya kung'aa, alisema, haifichi kitu; kila kilima kitasimama na kujitambulisha. Zulia litakunywa maziwa, na siku ya tatu gari litanuka hata nzi wakose raha. Ngozi bandia ya viti ni nzuri, lakini kwenye kona zilizoviringana gundi huachia jua likikaza, na jua la Isiolo halijui utani. Yote haya yalikuwa kweli. Ekai aliyapata kule Nanyuki, alipolala miezi miwili katika gereji ya mpiga bodi kama mlinzi wa vitu ambavyo baadaye vilipotea. Uongo wake ulikuwa kama mandazi: unga wote ulikuwa wa kweli, na sukari peke yake ndiyo ya kughushi.

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza Kabale.

"Ngozi," alisema Ekai kwa sauti ya chini. "Ngozi ya Torino. Hii haiachii kona. Inajua kona. Ninacho kipande kimoja kimebaki, nilikuwa nimemwekea waziri."

Malipo aliyotaka yalikuwa mtamba mmoja wa ngamia, siku ya kukabidhi kazi. Ekai alikuwa ameshaongea na mnunuzi sokoni kabla hata hajajua atampata ngamia wa nani. Ilikuwa Jumatatu, kazi ingekabidhiwa Ijumaa baada ya swala, na saa kumi jioni Ekai angekuwa ndani ya basi.

Ako Sabdio alikubali upesi mno. Mtu mwerevu zaidi angeogopa.

"Sawa," alisema. "Umekula?"

Swali hilo halikuwemo katika mpango. Ekai alifungua kinywa kusema ndiyo, tumbo likajibu kabla yake. Akaletewa wali, nyama na bilauri ya maziwa, na hakuna mtu aliyemtazama akila, ili ale kwa raha.

*

Ngozi ya Torino ilipatikana nyuma ya machinjio, kwa Nakal, mama wa Kiturkana aliyekuwa akilainisha ngozi za kutengenezea viatu.

"Nataka moja kubwa, laini, ya rangi ya kahawia," alisema Ekai.

"Ya kazi gani, ndugu yangu?"

"Ya kufunika dashibodi. Kuna bibi hapa mjini, Sabdio."

Nakal alishikwa na kikohozi. Kilimshika vizuri, mpaka akaenda nyuma ya pazia na simu yake kukimalizia huko. Aliporudi alikuwa amebeba ngozi iliyokunjwa, nyekundu-kahawia, laini kama shavu la mtoto.

"Chukua hii. Utanilipa ukipata."

Ekai hakuuliza ni kwa nini mtu amwamini. Watu wema ndio waliomlisha miaka yote. Aliikunjua ngozi. Ubavuni palikuwa na alama ya moto, duara lenye mikia miwili na mstari katikati, na chini yake kovu refu lililojipinda. Ekai aliiangalia ile alama, na hapo ndipo ujanja wake ulipomshinda mwenyewe.

Ni lazima ieleweke kwamba Ekai, ingawa jina lake lilikuwa la Kiturkana, alilelewa Nakuru karibu na stendi ya mabasi. Ng'ombe aliwajua kwa kilo. Mtu mwingine yeyote wa nchi ya mifugo, kutoka Merti hadi Kipsing, angeikata ile alama, aizike, kisha ahame. Ekai aliipenda.

"Nembo!" akajisemea. "Wataamini kabisa ni ya kiwandani."

Akafanya kazi siku tatu kwa kuficha. Hakupiga msasa. Hakujaza mashimo. Alimwaga gundi ya viatu juu ya faiba mbichi, akavuta ngozi, akaibana kwa vibanio vya nguo vya Ako Sabdio. Gundi hiyo ingeshika hadi Jumamosi, na Jumamosi haikuwa shida yake. Kila mchana chakula kilikuja. Siku ya pili kilikuja na pilipili, kwa sababu siku ya kwanza alikuwa ameuliza kama ipo. Na ile nembo aliiweka katikati kabisa, mbele ya abiria, mahali ambapo hakuna jicho lingeikosa.

*

Ijumaa baada ya swala uwanja ulijaa. Huqa alivuta shuka lililofunika gari. Ekai akafungua mlango kama anayefungua benki.

"Wazazi wangu," akasema, "karibuni Italia."

Hakuna aliyepiga makofi. Wa kwanza kusogea alikuwa mzee Arero, rafiki wa Huqa, mtu mrefu, mkavu, ambaye ukooni kwao ndiye aliyeitwa mambo ya mifugo yakiharibika. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akainamisha kichwa ndani ya gari. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amevua kofia.

"Kijana," alisema, "hii alama ni ya nani?"

"Hiyo ni nembo ya kiwanda, mzee. Torino. Ukiona haina hiyo, ujue umeuziwa feki."

"Hiki kiwanda cha Torino," alisema Arero polepole, "kimetumia alama ya marehemu mume wa Sabdio."

Ekai alicheka peke yake. "Dunia ina alama nyingi, mzee. Duara ni duara."

"Ndiyo. Na kovu la fisi, pale chini ya duara? Torino wana fisi?"

"Wapo... katika hifadhi."

Huqa naye aliingiza kichwa. Akatoka ameshika kifua. "Dima!" alilia. "Sabdio, ni Dima!"

Dima, Ekai alielezwa na watu sita kwa wakati mmoja, alikuwa fahali wa Ako Sabdio, aliyepewa jina hilo kwa wekundu wake. Fahali wa heshima. Alipotea malishoni. Ametafutwa mpaka viatu vikaisha. Na sasa amepatikana, alisema Arero, ingawa si kwa hali ambayo mtu angeitarajia.

Yaliyofuata Ekai hakuwahi kuyaona katika mji wowote. Watu walipanga mstari. Mmoja mmoja waliingia ndani ya Probox, wakakaa kiti cha mbele, wakaigusa dashibodi kwa mkono wa kulia na kutoka wamenyamaza. Kabale aliingia na bilauri, akadondosha maziwa kidogo juu ya kishikio cha kikombe. Bibi mmoja alimkumbusha Dima juu ya ukame aliouvumilia, akamwambia alikuwa shujaa. Vijana wa bodaboda walipiga picha, halafu wakaombwa waonyeshe adabu, wakavua helmeti na kupiga picha tena.

"Poleni," Ekai alijikuta anamwambia kila anayetoka. "Poleni sana."

"Sasa," alisema Arero, akiketi juu ya dumu. "Tuulizane. Ngozi hii imetoka Italia ama haijatoka Italia?"

Ekai aliona milango miwili, na yote ilikuwa imefungwa kwa nje. Akisema imetoka Italia, basi ni yeye aliyemfikisha Dima huko. Akisema haikutoka, basi alikuwa mwongo tangu Jumatatu, naye ndiye ameshika ngozi ya fahali aliyepotea. Kumtaja Nakal alijaribu, ni kweli, lakini Nakal mwenyewe alikuwa pale mlangoni, akamwangalia kwa huruma na kusema, "Ndugu yangu, mimi wewe nimekuona wapi?"

"Mwenye kushika ngozi ndiye atarudisha fahali," Arero alitamka. "Ama apelekwe polisi, wamuulize kwa njia yao."

Ekai alihesabu mali yake: mashati mawili, simu moja, kitana. Akafikiria barabara yote aliyokimbia, Nkubu, Nanyuki, na jinsi ilivyoishia hapa, kwenye uwanja wa muuza maziwa, mbele ya gari linalofanyiwa matanga.

Ndipo Ako Sabdio, aliyekuwa muda wote akimimina chai, aliposema: "Arero, huyu hana fahali."

"Naona."

"Lakini ana mikono. Mniachie yeye. Atabandua hii ngozi, apige msasa faiba yote mpaka nipitishe kiganja nisikute kilima wala kisima. Achague umalizio wa kweli. Nikiridhika, mimi na Dima tumemsamehe."

Wazee wakanong'onezana. Wakakubali. Ekai karibu ambusu bibi mikono.

*

Watu wanaojua faiba wanajua kwamba vumbi lake halina undugu na mtu. Linaingia shingoni, kwapani, katikati ya vidole, na linawasha mpaka mtu aimbe. Siku ya kwanza ya msasa Ekai aliimba. Jioni akapata shati la mikono mirefu limetundikwa msumarini, safi, la marehemu mzee wa nyumba ile, na beseni la maji baridi.

"Usijikune," alisema Ako Sabdio. "Jimwagie tu. Na funga kitambaa puani, mwanangu, hayo mapafu hayana spea."

Huqa alimfundisha. Msasa mkali kwanza, kisha fila ya kujaza mashimo, ikauke, kisha msasa wa kati, kisha ule laini kwa maji. Huqa alitumia macho. Ekai alitumia kiganja, na kiganja chake kiliona zaidi. Hilo lilimuudhi. Hakuwa amekuja kuwa hodari.

Wiki ya pili alitoroka. Alipanda lori asubuhi, akashuka Ngaremara, akiamini kwamba kati ya Waturkana wenzake atapata maficho. Mama mmoja aliyeitwa Akaale alimpa kigoda na chai, akamtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena.

"Wewe si ndiye mtu wa Dima?"

"Mtu wa nani?"

Akaale akamgeuzia simu. Hapo alikuwa, Ekai mwenyewe, mlangoni mwa Probox, akiwapa watu pole. Picha ilikuwa imefika hata kijiji cha Korbesa, Akaale alisema, na kule imezungushwa zaidi. Akamwekea mandazi mawili kwenye karatasi, akasimamisha lori la mbuzi, akamwambia dereva, "Huyu mshushe kwa Sabdio. Kazi yake haijaisha."

Aliporudi hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Chakula chake kilikuwa kimefunikwa kwa sahani.

Baada ya hapo jambo la ajabu likaanza, na Ekai mwenyewe hakulielewa. Alianza kuamka mapema. Alichukua vipande vinne vya faiba iliyobaki, akapaka kimoja rangi nyeusi ya kung'aa, kimoja akakivika zulia, kimoja ngozi bandia, kimoja akakipuliza rangi isiyong'aa yenye chembechembe, ya kahawia iliyopauka. Akavipanda juu ya mabati, akavimwagia maziwa vyote kwa haki, akaviacha siku tano.

"Unafanya nini?" aliuliza Huqa.

"Nauliza jua," alisema Ekai.

Siku ya tano wakavishusha. Cheusi kilimtia Huqa machozi kwa mng'ao, na kilionyesha hata alama ya kidole cha nzi. Cha zulia Kabale alikishika, akanusa, akatoka nje. Ngozi bandia ilikuwa nzuri katikati, lakini kwenye kona ilishaanza kujiinua kama mtu anayetaka kuaga. Cha chembechembe kilifutwa mara moja kwa kitambaa chenye maji, kikawa kama hakuna kilichotokea.

"Na vumbi?" aliuliza Ako Sabdio.

"Vumbi liko juu yake sasa hivi, Ako," alisema Ekai. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Hulioni. Nimelinganisha rangi na barabara ya hapa."

Ako Sabdio alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi dashibodi na milango vikapulizwa rangi ya barabara. Na ile ngozi haikutupwa. Ekai alikata kipande chenye alama na kovu, akakibandika kwenye kifuniko cha kisanduku cha mbele ya abiria, mahali palipo bapa, ambapo gundi haina sababu ya kuachia, juu ya faiba iliyopigwa msasa kama inavyotakiwa. Ako Sabdio alikaa ndani ya gari lake. Akapitisha kiganja kutoka mlango mmoja hadi wa pili, polepole. Hakukuta kilima. Hakukuta kisima. Alikaa kidogo na mkono wake juu ya alama ya mumewe, na Ekai akaanza kukusanya misasa.

*

Wiki sita zilikuwa zimepita. Ekai alienda kwa Nakal kununua kipande cha ngozi ya kufunga usukani, safari hii akiwa na nia ya kulipa.

"Kumbe mmemaliza," alisema Nakal, akimpimia. "Na Dima amekaa vizuri hapo mbele. Alikuwa fahali mzuri. Mimi mwenyewe nilikula ubavu wake."

Ekai akasimama. "Ulikula wapi ubavu wa fahali aliyepotea?"

"Aliyepotea wapi? Alichinjwa harusi ya Kabale. Mji mzima ulikula. Arero alikula mpaka akalazwa kivulini." Kisha Nakal akaziba mdomo kwa mkono, na kile kikohozi kikamrudia.

Ekai hakumbuki jinsi alivyofika uwanjani. Waliokuwepo walikuwa wanakunywa chai: Ako Sabdio, Huqa, Kabale, na Arero na miwani yake.

"Mlimla Dima!" alipiga kelele. "Ninyi wote! Mlimlilia dashibodini na mlikuwa mmemla!"

Walitazamana kama watoto waliokutwa na sukari.

"Tulilia kweli," alisema Arero kwa heshima. "Alikuwa na nyama tamu."

"Nakal alinipigia simu siku ile ile, kuuliza akupe ngozi gani," alisema Ako Sabdio. "Nikamwambia, mpe Dima. Hakika nilitegemea utaikata ile alama. Wewe ukaiweka katikati! Hapo hata mimi nilimwambia Huqa, huyu mtoto hajalelewa na mtu wa ng'ombe."

"Mmenitapeli," alisema Ekai kwa uchungu wa kitaaluma. "Wiki sita. Bila malipo. Na yule mtamba wangu?"

"Mtamba ni wa ngozi ya Torino. Siku utaileta, atakuwa hapa anakungoja."

"Lakini Ako, kwa nini? Ungenifukuza tu!"

Ako Sabdio alijaza kikombe, akakiweka mbele yake, na maziwa mengi, kama anavyopenda.

"Kila mtu alikufukuza," alisema. "Naona haikusaidia. Mimi siku ile nilisikia uongo wako, ndiyo. Lakini mkono uliona kilima ambacho Huqa hakukiona. Nikasema, mdomo una kazi, na huu mkono umekaa bure. Kunywa chai."

Ekai alikunywa. Angefanya nini? Na alipokuwa anakunywa aligundua kwamba hakuwa ametafuta ratiba ya basi kwa mwezi mzima.

Honi ikalia nje. Land Cruiser kubwa ilisimama, na bwana mmoja mnene, mwenye saa inayong'aa, akateremsha kioo. Alikuwa Felix, mwenye hoteli mbili mjini. Dashibodi yake ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka.

"Ni nani alifanya ile Probox? Nataka na yangu. Lakini mimi sitaki rangi ya vumbi. Nataka kitu cha nje. Kitu ambacho hakuna mwingine anacho Isiolo. Gharama si shida."

Ekai alihisi ule wimbo wake wa zamani wa Torino ukimjia, akaumeza. Lakini Arero alikuwa ameshaweka kikombe chini. Alivaa miwani yake taratibu.

"Torino," alisema mzee.

"Nini?"

"Umebahatika, bwana. Mimi nimesomea huko."

"Nilikuwa darasa la nyuma yake," alisema Huqa.

Kabale alikuwa tayari na simu sikioni. "Nakal? Umebaki na ngozi gani?"

Na Ako Sabdio alikuwa anavuta kigoda na kukipangusa kwa upole kwa upindo wa guo lake. "Shuka, mwanangu," alimwambia Felix. "Umekula?"

"Usishuke!" Ekai aliruka, akakimbilia dirisha la gari, vumbi la faiba likimpukutika mwilini. "Bwana, nisikilize mimi! Hakuna Torino! Hawa hata Meru wameenda mara mbili tu! Ni faiba, fila, msasa siku kumi na mbili, na rangi isiyong'aa. Nakwambia ukweli mtupu!"

Felix alirudisha kichwa nyuma, akamwangalia kuanzia nywele hadi viatu.

"Huyu naye ni nani?"

"Huyo?" alisema Arero, akimfungulia mlango. "Tapeli fulani wa Nanyuki. Achana naye, karibu chai."